Somo: Kusimulia hadithi moja kwa sauti, katuni na jukwaa

Tukisikia kwamba hadithi imetoka kwenye vyombo vingi, wengi wetu hapa Lubumbashi tunawaza filamu iliyogeuzwa kitabu, kisha mchezo wa kompyuta. Huko ni kurudia. Somo hili linahusu hadithi moja ambayo kila chombo kinabeba kipande chake, kisichopatikana kwingine. Henry Jenkins, mtafiti wa Marekani, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha 2006 kwa mfano wa filamu za The Matrix.

Tazameni kilichofanyika mwaka 2003. Katika katuni fupi ya video, watu wa meli iitwayo Osiris wanagundua kwamba mashine zinachimba kuelekea Zion, mji wa binadamu. Kabla ya kufa, mmoja wao anatumbukiza kifurushi chenye habari hiyo kwenye sanduku la posta. Katika mchezo wa kompyuta wa Enter the Matrix, kazi ya mwanzo ni kwenda kukichukua. Katika filamu ya The Matrix Reloaded, manahodha wanaijadili habari hiyo hiyo. Na asiyeiona katuni haachwi njiani, maana filamu inampa habari kwa maneno machache. Kwangu mimi, ustadi wote uko hapo.

Tuje kwetu. Tuseme fundi cherehani wa Katuba ameletewa kabuti kuukuu, na ndani ya bitana anakuta ufunguo.

Hatua ya 1: kaye, yaani daftari, ya hadithi. Andika majina, umri, nani ni ndugu ya nani, nani amekufa, kabuti lina rangi gani. Mtu mmoja aishike, wengine wamuulize kabla ya kubadili kitu. Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, walimpa Leland Chee kazi ya namna hiyo tangu 2000. Hata hivyo, Aprili 2014 walitangaza kwamba riwaya nyingi za Star Wars zilizotangulia haziko tena ndani ya hadithi rasmi, ili filamu mpya zipate nafasi. Wasomaji waliozifuata miaka mingi waliumia, na walikuwa na haki.

Hatua ya 2: chombo kikuu. Anza na kile ambacho watu wanacho tayari. Kwetu ni sauti: dakika tano za WhatsApp hazimalizi mega, na mama anasikiliza huku anauza makala (makaa). Tuna urithi pia. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilipeleka michezo ya Kiswahili cha hapa jukwaani, redioni na kwenye televisheni.

Hatua ya 3: gawa kazi. Hapa msiwe na haraka. Kwenye sauti, cherehani inakimbia, sindano inagonga chuma, kimya, fundi anashusha pumzi. Basi. Ufunguo ukoje, hatusemi. Katuni, ukurasa mmoja wa fotokopi, inauonyesha kiganjani, umechongwa namba 14. Ukiitaja namba hiyo kwenye sauti, umeiua katuni. Jukwaani, mwenye kabuti amerudi, na fundi anawageukia watazamaji: nimpe, nisimpe? Jibu lao linaingia kwenye kaye, na sauti ya wiki inayofuata inalifuata.

Hatua ya 4: jaribu. Mpe ukurasa wa katuni mtu ambaye hajasikiliza sauti zenu hata moja. Akiuliza "hawa ni nani?", chora upya.

MASWALI YA WANAMEMBA

*Kutoka Kamalondo: Mwalimu, tuko wawili tu, hatuna mchoraji. Tuache?*
Msiache, vyombo viwili vinatosha. Andikeni kwa mkono barua iliyokuwa mfukoni mwa kabuti, ipigeni picha, iwekeni kwenye status. Mkunjo na doa la chai vionekane.

*Kutoka Bukavu: Yaya, Kiswahili chetu si cha Lubumbashi. Wahusika waongee kipi?*
Kila mmoja aongee cha kwao. Mgeni kutoka Bukavu akibaki na chake, msikilizaji anamtambua kabla hajataja jina. Andika kwenye kaye kila mmoja anaongea kipi, asije akabadilika katikati.

*Kutoka Kipushi: Aliyekosa mchezo wa jukwaani si amepotea?*
Amekosa kuamua, hajakosa kujua. Sauti inayofuata ianze na jirani akimwambia mteja: "Kabuti amelirudisha, lakini ufunguo umebaki." Pokémon, hadithi ya viumbe vya kubuni, walianza na mchezo wa Game Boy, mashine ndogo ya michezo, mwaka 1996, kadi zikafuata, na 1997 vipindi vya televisheni. Hata hivyo mtoto anayeangalia televisheni tu anaelewa vizuri. Ila siri kubwa ya mwisho msiiweke jukwaani. Iwekeni kwenye sauti, inayofika mpaka Kipushi.