Mnapokea familia ya mmisionari Mbeya? Anzeni na blanketi

Wageni wengi hufunga mizigo wakiwaza joto la Afrika, halafu wanashukia Mbeya mwezi wa 6, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, watoto wamevaa kaptula. Wapelekeni Mwanjelwa kwenye mitumba mapema: masweta mazito, soksi, blanketi mbili kila kitanda. Jiko la mkaa lisilale nao chumbani hata kama yamebaki makaa machache. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Hilo waambieni siku ya kwanza, kabla hata ya chai. Kwa mwenyekiti wa mtaa wasindikizwe na mzee wa kanisa. Watoto waacheni wacheze nje na wenzao, Kiswahili watawapita wazazi upesi tu.