Maji Yamekwama Mtaani: Pima Mtaro na Bahari Kabla ya Kwenda Kaunti

Masika yakikolea Mei, lawama ya kwanza huangukia takataka, na mara nyingi ni haki yake. Ila mitaa ya Mombasa inayomwaga maji kwenye hori za Tudor, Makupa au Kilindini ina ugonjwa wa pili usiotibika kwa koleo: mdomo wa mtaro umezama baharini. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda wastani wa sentimita 20 hivi, na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mitaro ya zamani haikujengewa mzigo huo.

Kabla ya mvua, pigeni alama za rangi ukutani kila sentimita 10 kutoka usawa wa barabara: juu mtaani, katikati, na karibu na mdomo. Kipima mvua ni kopo lililonyooka lenye kitako tambarare, liwekwe mbali na paa na miti. Chupa ya soda iliyokatwa hudanganya kwa sababu ya kitako chake. Itieni kokoto na maji hadi inaponyooka, hapo ndipo sifuri.

Maji yakituama, andikeni saa, kina, milimita za mvua na hali ya bahari. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka. Mombasa, bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Saa kamili imo kwenye jedwali la maji la Kilindini. Mtaa ukikauka bahari inapokupwa bila mtu kuzibua chochote, kasoro iko mdomoni. Maji yakikaa hata siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, zibueni kwanza.

Hakikisheni maji yakiwa yamekupwa. Chaza walionata ndani ya kalvati wanaonyesha bahari huingia humo kila mara. Kisha pimeni tofauti ya kimo kati ya barabara na mdomo kwa mpira mwangavu wa maji, ule wa mafundi. Toeni viputo vyote vya hewa; kimoja tu kinaharibu kipimo.

Dawa ya mdomo uliozama ni mlango wa bawaba unaofungwa na bahari yenyewe. Lakini ukifungwa, mvua nayo haina pa kutokea. Mapaa na lami za mita za mraba 5,000, mvua ya milimita 40, ni karibu mita za ujazo 200 za kuhifadhi kwa muda. Ndiyo maana uwanja wa wazi wa kuyahifadhi ukijengwa majengo, mlango pekee hausaidii kitu.

Pelekeni daftari na picha Juni au Julai, si vuli ikishaanza: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge hilo. Msiombe “msaada wa mafuriko”. Ombeni mlango, mita za ujazo mlizokokotoa, na mtu wa kuusafisha kila wiki. Chupa moja ikinasa kwenye bawaba, bahari inaingia.