Chuo cha jamii Marekani: mwanafunzi mwenye ulemavu aanzie wapi

Ule mpango wa IEP wa sekondari, yaani mpango binafsi wa elimu wa mwanafunzi mwenye ulemavu, haumfuati kijana chuoni; unakoma anapohitimu. Chuoni haki anazo, kwa kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 (Rehabilitation Act) na kwa ADA ya 1990, sheria inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu, ila lazima azidai mwenyewe. Hakuna atakayemfuata darasani kumuuliza anahitaji nini.

Akishakubaliwa tu, aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, ikiwezekana wiki sita kabla ya muhula. Abebe ripoti ya daktari inayoeleza ulemavu unamzuia nini: kusoma maandishi, kusikia, kukaa muda mrefu. Karatasi inayotaja ugonjwa tu mara nyingi hukataliwa. Ofisi ikiridhika humpa barua za kuwapelekea walimu, zinazotaja nafuu alizokubaliwa, kama muda wa ziada wa mtihani, na kwa kawaida huombwa upya kila muhula. Azipeleke wiki ya kwanza. Akishafeli mtihani ndipo alete barua, chuo hakilazimiki kumrudishia mtihani huo.

Ratiba nayo ina mtego wake. Aliyepewa muda wa nusu zaidi atafanya mtihani wa dakika 60 kwa dakika 90. Ukianza saa tatu asubuhi, ataumaliza saa nne na nusu. Kama ana kipindi kingine saa nne, hapo ndipo wengi huacha haki yao wakakimbilia darasani. Aache nafasi kati ya vipindi tangu siku ya kujisajili. Anayesoma kwa kusikiliza aombe vitabu mapema, maana kuvigeuza kuwa sauti huchukua wiki kadhaa.

Kazi isisubiri cheti. Kila jimbo lina shirika la serikali la VR (vocational rehabilitation) linalosaidia watu wenye ulemavu kusoma na kuajiriwa. Aombe mwaka wa kwanza: shirika lina siku 60 za kuamua kama anastahili, kisha siku 90 za kuandika naye mpango wa ajira. Ajaze kwanza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, na asilipe ada akitarajia kurudishiwa, kwa sababu gharama zilizotangulia mpango kwa kawaida hazilipwi. Asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani bure. Tafadhali, mzazi asimfanye mtoto kuwa mkalimani katika mambo yanayomhusu mtoto huyo mwenyewe.

Hofu ya kupoteza SSI, posho ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, huwafungia vijana wengi nyumbani, nayo inazidi ukweli. Kwa asiye na kipato kingine, dola 85 za kwanza za mshahara wa mwezi hazihesabiwi. Nusu ya zinazobaki ndiyo hukatwa kwenye SSI. Mshahara wa dola 485 hupunguza SSI kwa dola 200, kwa hiyo bado amepata dola 285 zaidi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 22 hupata nafuu kubwa zaidi. Muhimu aripoti mshahara kila mwezi, la sivyo atadaiwa.

Kwenye usaili, mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi haruhusiwi kuuliza kuhusu ulemavu kabla ya kutoa kazi. Anaweza kuuliza tu kama kazi ataiweza. Akishaajiriwa, aombe kwa maandishi msaada anaouhitaji kazini, akitaja kazi na kifaa: “Ili nijibu simu za wateja, nahitaji simu yenye maandishi.”