Kikundi chenu cha sanaa kisikike hewani: vile mnaweza kufanya kazi na redio ya mtaa

Vikundi vingi vya sanaa huku mitaani Nairobi, maigizo, ngoma, sarakasi, kwaya, wachoraji, vikifikiria redio vinafikiria zile kubwa za mjini, vinaulizia bei ya tangazo alafu vinarudi kubandika poster kwa vioski. Na Korogocho kuna Koch FM, iko hewani tangu 2006 na studio yake ilianzia ndani ya kontena, Kibera nako kuna Pamoja FM tangu 2007. Hizi ni redio jamii, zinatakiwa kujaza masaa kutoka asubuhi mpaka usiku na pesa ya kununua vipindi hazina. Nyinyi mko na hadithi, mko na sauti. Kwa hivo msiende kuomba tangazo la bure, endeni na kipindi.

Kabla hamjaenda, sikilizeni hiyo redio wiki nzima, asubuhi, mchana na usiku. Jueni nani anashika kipindi gani, saa ngapi wanaongea na vijana, wapi panaonekana wanarudia nyimbo tu kujaza muda. Hapo ndo pengo lenu. Ukifika ofisini ukisema "Jumanne saa tisa mnapiga muziki bila mtangazaji, sisi tunaweza kuwapa robo saa ya mchezo hapo" utasikizwa tofauti kabisa na mtu amekuja na "tunaomba support".

Kitu kingine mjue, Koch na Pamoja zote ziko 99.9, masafa ni yale yale, ni vile mitambo ni ya nguvu ndogo kila moja inasikika mtaani kwake na viunga vyake. Wengine wanaona hiyo ni kasoro lakini kwa kikundi cha sanaa ni baraka tupu, juu mtu anayewasikia anaweza kutoka kwake akafika kwa onyesho lenu na miguu. Basi muongeleshe kama jirani. Tangazo la sekunde 30 ni kama maneno 45 hadi 60 ukisoma bila kukimbia, mfano:

"Mama Otis amefungiwa nyumba na landlord, na ufunguo uko kwa mtoto wa landlord. Itakuwaje? Njoo ujionee Jumamosi hii saa nane mchana, uwanja wa Kamukunji, Kibera. Mchezo ni wetu, wachezaji ni majirani zako. Kuingia ni bure, beba mtoto, beba kiti kama uko nacho. Ni Jumamosi, saa nane, Kamukunji."

Angalia siku, saa na mahali vimerudiwa mwisho, juu msikilizaji anaosha vyombo, hana kalamu.

Sasa kipindi chenyewe. Andaeni vinne kabla ya kubisha mlango, dakika 10 mpaka 15 kila kimoja, juu kimoja kinaonyesha mnaweza na vinne vinaonyesha mtaendelea. Simu inatosha kurekodi. Ingieni chumba chenye nguo nyingi na blanketi, simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni na kando kidogo ili pumzi isipige maiki, na mvua ikianza kwa mabati simamisheni tu, hamna programu itaokoa hiyo. Mkituma kwa WhatsApp tumeni kama dokyumenti, sio voice note, au pelekeni kwa fleshi. Wachoraji na wanasarakasi msijitoe, rekodini mazoezi, kocha akihesabu, mtu akianguka, wenzake wakicheka. Mazoezi kama ya Ghetto Classics, ule mradi wa kufunza vijana muziki pale kanisa la St. John's Korogocho, vayolini inakosea inarudiwa mpaka inakaa, hiyo ni redio tosha.

Muoneni meneja wa vipindi, sio prezenta rafiki yenu peke yake, juu prezenta akihama mnahama naye. Bebeni barua ya ukurasa mmoja, nakala ya cheti cha CBO, yaani cha usajili wa kikundi cha kijamii, na hizo rekodi. Na msiende mikono mitupu, semeni mtatoa nini, prezenta wao awe MC kwa onyesho lenu, nembo ya redio iwe kwa bango, waigizaji wenu wawasaidie kutengeneza jingle, vile vipande vifupi vya kutambulisha redio, na michezo ya redio. Pesa za mdhamini nazo tafuteni pamoja, lakini kumbukeni redio jamii kisheria inabebea udhamini na matangazo yanayohusu jamii ya eneo lake, kwa hivo anzeni na sacco, kliniki, duka la vifaa, watu wa hapo hapo.

Mkikubaliana andikeni, hata kama ni nusu ukurasa na hata kama mmekua pamoja. Siku na saa ya kipindi, kitarudiwa mara ngapi, nani anaruhusiwa kukitumia baadaye, na kwamba mchezo na nyimbo zinabaki mali ya kikundi. Hiyo ya mwisho msiiachilie kabisa, nimeona wasanii wakisikia kazi yao mahali hawajui ilifikaje. Sajilini kazi KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, inafanyika mtandaoni. Na pimeni lugha, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku vipindi lazima viwe vya kusikilizika na watoto, matusi hata kama ni ya mhusika mbaya yanaweza kuingiza redio taabani na Mamlaka ya Mawasiliano.

Siku ya onyesho, mtu asimame mlangoni aulize kila anayeingia alisikia wapi, aandike kwa daftari. Wiki inayofuata pelekeni hiyo hesabu redioni pamoja na picha na sauti za watazamaji, juu redio pia inaandikia wafadhili ripoti na inahitaji ushahidi kama huo. Mkitaka mwanzo mzuri, Siku ya Redio Duniani ni Februari 13 kila mwaka na redio nyingi zinatafuta cha kufanya siku hiyo, kwa hivo pelekeni barua yenu Januari mapema.