Namna ya kufukua habari za baa iliyokufa Sheffield

Usianze na jina la baa. Mimi nilianza nalo, nikapoteza Jumamosi mbili nikifuatilia baa nyingine kabisa, maana akina Red Lion wamejaa Uingereza nzima. Anza na kona ya mtaa.

Fungua ramani za miaka ya 1890 za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure. Tafuta herufi P.H. (public house), yaani baa. Ukikuta B.H. (beer house), hiyo ni nyumba ya bia tu: sheria ya 1830 ilimruhusu mlipa kodi kuuza bia kwa leseni ya paundi mbili na shilingi mbili, basi watu wakageuza sebule zao kuwa vilabu.

Kisha sensa ya 1881. Soma kaya nzima, mpaka mtumishi. Namba za nyumba usiziamini sana, zilibadilishwa.

Ikitoweka baada ya 1904, ulizia kumbukumbu za fidia, kwani sheria ya mwaka huo iliruhusu leseni zifutwe kwa malipo. Ikitoweka Desemba 1940, ni mabomu ya Wajerumani.

Halafu nenda kwa miguu. Yangu sasa ni maegesho ya magari, ila jiwe la ukingoni walipoteremshia mapipa lingalipo, limelika katikati kama kinu cha bibi.