Kabla ya Kuuliza Jina la Mmea Wako wa Majani Manono

Ukinunua mmea wa majani manono kwenye kitalu cha kando ya barabara hapa Nairobi na muuzaji akakuambia tu kwamba ni "kaktasi", usiwaonyeshe wapenzi wenzako wa mimea picha moja iliyopigwa kwa juu, kwani majibu yatazidi idadi ya majani. Piga picha ya karibu pale miiba inapochipukia: kaktasi huotesha miiba kwenye kijivimbe chenye manyoya, kama kitufe kidogo cha sufi, ilhali jamii ya mnyaa (Euphorbia), ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa kaktasi, haina kijivimbe hicho, na ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. (Utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo nawa mikono mara moja.) Ua husaidia zaidi ya jani: mmea wangu, niliouita mshubiri kwa miezi minane, ulitambuliwa kuwa Haworthia, jamaa mdogo wa mshubiri, siku ulipotoa maua madogo meupe yenye midomo miwili. Taja pia kimo chake kwa sentimita, na kama umekaa kivulini, kwa sababu mmea uliokosa jua hurefuka na kupoteza umbo lake.