Kushuka kona kali za milima ya Mwanza kwa baiskeli

Kabla ya kushuka Bugando au Isamilo, bana breki zote mbili. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea, ukaze. Raba za breki zilizofutika mifereji badilisha, usizionee huruma.

Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka. Ukibana breki ya mbele katikati ya kona penye mchanga, tairi linateleza na unalala ubavu. Mchanga huo huletwa na mvua kutoka kwenye mawe ya juu, ukatanda juu ya lami kama unga. Pedeli ya upande wa ndani iwe juu isigonge barabara, uzito uegemeze pedeli ya nje. Tazama kona inakoishia. Baki kushoto, bodaboda hukata kona. Mteremko ukiwa mrefu, bana na kuachia: rimu ikichemka, tyubu hupasuka.